Juliana Rotich

Juliana Rotich (alizaliwa 1977) ni mtaalamu wa teknolojia ya habari na mjasiriamali kutoka nchini Kenya. Anajulikana hasa kama mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani.

Elimu

Rotich alisomea sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City, Marekani. Baadaye aliandika kuhusu mazingira na teknolojia barani Afrika.

Ushahidi

Baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, ghasia zilizuka Kenya na watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, hivyo ilikuwa vigumu kujua yaliyotokea mitaani na vijijini. Januari 2008 Rotich, pamoja na Ory Okolloh, Erik Hersman na David Kobia, walianzisha tovuti ya Ushahidi. Mtu aliyeona tukio alituma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu au kupitia intaneti, nayo ikawekwa kwenye ramani pamoja na mahali na wakati wake.

Ugumu mkubwa wa njia hiyo ni kutofautisha habari za kweli na uvumi. Kwa sababu hiyo taarifa huhitaji kulinganishwa na vyanzo vingine kabla ya kuthibitishwa.

Programu hiyo ilitumika pia Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010, ambapo watu wa kujitolea walitafsiri ujumbe ulioandikwa kwa Krioli ili waokoaji wauelewe. Mwaka huohuo ilitumika, kwa jina la Uchaguzi, katika kura ya maoni ya katiba ya Kenya na katika uchaguzi mkuu wa Tanzania. Rotich aliiongoza taasisi ya Ushahidi kama mkurugenzi mtendaji.

BRCK

Rotich ni pia mmoja wa waanzilishi wa BRCK, kampuni ya Nairobi iliyotengeneza kifaa cha intaneti kwa maeneo yenye umeme wa kukatikakatika. Umeme ukikatika, betri yake huendelea kufanya kazi kwa takriban saa 8. Mwaka 2013 alikieleza kifaa hicho katika mkutano wa TED.

Tuzo

Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Afrika ya Ujerumani.