VUMBI YA MOTOKARI ISIYOTOKA KATIKA MOSHI



Kamio ikipita na moshi mweusi, sisi wote tunaziba pua. Ile isiyotoa moshi tunasema ni safi. Hapana, si hivyo. Iko uchafu mwingine usiopita katika bomba, na huo ndio tunapenda kuueleza.

Shofere akikanyaga freni, garnitire inasugua disiki ya chuma, na vyote viwili vinalika kidogo kidogo. Mapira vilevile: mupira mupya uko na mistari mirefu, kisha siku zinapita, uko laini kama kibao. Ile kauchu imekwenda wapi? Imebaki barabarani na hewani, pamoja na unga wa chuma. Magari yanayofuata yanaiinua tena na vumbi yote ya njia. Chembe zingine hazifiki mikroni 10, ni kusema sehemu moja ya mia ya milimeta. Jicho halizioni, lakini kifua kinazipokea.

Wengine wanatuambia gari ya umeme itamaliza shida. Kwa freni inasaidia kweli, maana mota yenyewe inapunguza mwendo. Lakini betri ni nzito, na uzito unakula mapira. Sheria ya Ulaya ya 2024, inayoitwa Euro 7, imeweka mpaka wa vumbi ya freni hata kwa gari ndogo ya umeme: miligramu 3 kwa kilometa, na 7 kwa zile nyingi za esansi na mazutu. Kwa aina mpya tarehe iliyowekwa ni Novemba 2026. Kule Stockholm, katika Uswidi, mapira yenye misumari ya kukamata barafu yalikatazwa tangu 2010 katika barabara ya Hornsgatan, kwa kuwa yalichimba lami na kuifanya vumbi.

Hapa Bukavu barafu hakuna, lakini milima tunayo ya kutosha. Shofere anayeshuka na vitesi ya pili anaacha mota ishike gari, basi freni inapumzika (na garnitire inakaa siku nyingi, tajiri atafurahi). Yule anayetoa vitesi ili abane esansi anasaga freni mpaka chini, tena anatutia hatarini.

Kwetu sisi, iko ile kazi ya siku ya posho. Tunafagia mbele ya mlango mkubwa na ufagio mkavu, na wadogo wa mwaka wa kwanza wanakohoa mpaka saa sita. Tumeomba hivi: kwanza kunyunyiza maji, kisha kufagia, na vumbi itiwe ndani ya shimo, isirudishwe barabarani. Bidoni mbili zinatosha. Posho hii kilasi ya sita itachota.