Leza Inavyopima Shaba Iliyoyeyuka

Kwenye mitambo ya uchenjuaji ya Kolwezi, kusini mwa Kongo, mawe ya shaba husagwa na kuloweshwa kwenye asidi ya sulfuriki mpaka shaba iyeyuke. Kimiminika hicho husafishwa, kisha hupitishwa umeme ili shaba igande kwenye mabamba. Mwendeshaji wa mtambo anataka kujua sasa hivi kila lita imebeba gramu ngapi za shaba: 30, 40 au 50? Kwa desturi, sampuli huchotwa, hupelekwa maabara, huzimuliwa na kupimwa. Majibu yanaporudi, maji yale yameshapita zamani.

Leza hufupisha safari hiyo. Mpigo wake, wa nanosekunde chache, huelekezwa kwenye nukta moja. Hapo kimiminika hugeuka plazima, yaani gesi yenye chembe za umeme, yenye joto la maelfu ya nyuzi, chumvi huvunjika, na atomi zilizosisimka hutoa mwanga zinapotulia. Kila elementi ina mistari yake ya mwanga: shaba kwenye nanomita 324.8 na 327.4, sodiamu 589, lithiamu 670.8. Ukali wa mstari ndio unaotueleza kiasi. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1860 wanasayansi Bunsen na Kirchhoff waligundua sesiamu kwenye maji ya chemchemi ya Dürkheim, Ujerumani, kwa kuangalia mistari yake ya buluu, wakitumia mwali wa moto badala ya leza.

Leza haisumbui sana. Maji ndiyo yanayosumbua. Kila mpigo hurusha matone yanayochafua lenzi, huacha viputo na kuutikisa uso wa kimiminika; na ukipiga ndani kabisa, plazima huzimika upesi. Kwa hiyo wataalamu huyapitisha maji kama mchirizi mwembamba, huku hewa ikipulizwa kulinda lenzi.

Kuna mtego mwingine, nao kwangu ndio mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Shaba ikiwa nyingi, atomi zilizopoa pembezoni mwa plazima hunyonya mwanga wa zile za katikati, na kipimo husoma pungufu. Dawa yake ni kusoma mstari usionyonywa kwa urahisi, kama wa nanomita 521.8, na kukisawazisha kifaa kwanza kwa vimiminika ambavyo kiasi chake cha shaba kinajulikana, vyenye asidi ileile ya mtambo.

Maji ya kunywa ni habari tofauti. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha risasi kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na leza ikipigwa moja kwa moja kwenye maji kwa kawaida haiwezi kuona kiasi kidogo hivyo. Sampuli hiyo iende maabara, hata majibu yakichelewa.