Chupa ya Insulini Katika Nyumba Isiyo na Jokofu: Kutunza Kisukari Nyumbani Mbulu na Hanang

Mgonjwa anayejichoma insulini mara 2 kwa siku hufanya kazi hiyo mara 730 kwa mwaka. Akihudhuria kliniki kila mwezi bila kukosa, huonana na mtaalamu mara 12 tu. Hesabu hii fupi yatosha kuonesha mahali tiba ya kisukari inapofanyika hasa: ni nyumbani, mikononi mwa mgonjwa, mzazi au mlezi wake. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, nyumba hiyo yaweza kuwa Dongobesh, Basotu au bonde la Yaeda, mwendo mrefu kutoka hospitali ya wilaya au Hospitali ya Kilutheri Haydom, ambayo imehudumia eneo hili tangu mwaka 1955. Aghalabu haina jokofu, na wakati wa masika barabara yake haipitiki kwa urahisi.

Makala haya yanaeleza namna insulini inavyotunzwa na kutumika katika mazingira hayo, na yale ambayo mtoa huduma wa zahanati hana budi kumfundisha mgonjwa kabla hajamruhusu kurudi nyumbani.

Dawa isiyokatizwa

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyomo katika damu kuingia ndani ya chembe hai za mwili ili itumike kuzalisha nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwapata watoto na vijana, kongosho hushindwa kabisa au karibu kabisa kuitengeneza. Kabla ya mwaka 1922 ugonjwa huo ulikuwa hukumu ya kifo. Tarehe 11 Januari mwaka huo, mjini Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano ya insulini kwa mara ya kwanza, na baada ya dawa kusafishwa vizuri zaidi aliishi miaka mingine 13. Kwa takriban miaka 60 iliyofuata insulini ilipatikana kutoka kongosho za ng'ombe na nguruwe. Ni tangu mwaka 1982 ndipo insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa kutumia vijidudu ilipoanza kuingia sokoni.

Historia hii ina faida kwa mgonjwa, kwa kuwa inajibu hofu mbili zinazosikika sana vijijini. Ya kwanza ni kwamba insulini "huzoesha mwili". Mwili hauizoei kama ulevi. Unaihitaji kama unavyohitaji maji, kwa kuwa hauitengenezi tena. Ya pili ni kwamba kuanza insulini ni dalili ya mwisho wa maisha. Ukweli ni kinyume chake. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayeacha insulini ili ajaribu dawa ya mizizi au maombi pekee, huweza kufariki ndani ya siku chache. Mila na ibada havimzuii mtu kuchoma sindano; kinachoua ni kuiacha.

Insulini ikikosekana, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kujaza damu asidi ya ketoni. Mgonjwa huwa na kiu kali, hukojoa mara kwa mara, hukonda, hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa kasi na kwa kina, na pumzi yake huweza kunukia kama tunda lililoiva mno. Dalili hizi hufanana na za malaria, nimonia au ugonjwa wa tumbo. Kwa sababu hiyo, kila mtoto anayetapika, anayepumua kwa shida au aliyelegea, yapasa apimwe sukari pale pale zahanati. Tone moja la damu laweza kutofautisha mtoto anayepewa dawa ya malaria isiyomfaa na mtoto anayewahishwa hospitali akiwa bado hai.

Mtungi badala ya jokofu

Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Ikishafunguliwa, aina nyingi zinazotumika nchini huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki 4, mradi zisipate joto kali wala jua. Tarehe ya kufungua iandikwe juu ya chupa siku ile ile.

Je, nyumba isiyo na jokofu yaweza kutunza insulini? Jibu limepatikana jirani. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, na kukuta linapanda na kushuka kati ya nyuzijoto 25 na 37. Waliiweka insulini katika joto la namna hiyo kwa wiki 4 kwenye maabara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kuwa nguvu yake ilipungua kwa kiasi kisichozidi asilimia 1. Nyanda za juu za Mbulu ni baridi kuliko Dadaab, hivyo mgonjwa wa Daudi au Dongobesh hana sababu ya kukataa insulini ati kwa kuwa hana jokofu.

Njia rahisi ni chungu ndani ya chungu. Chungu kikubwa cha udongo kisichopakwa rangi huwekwa mchanga, kisha chungu kidogo huwekwa ndani yake, na nafasi kati ya viwili hivyo hujazwa mchanga unaoloweshwa maji asubuhi na jioni. Maji yanapokauka hubeba joto. Chupa ya insulini hufungwa ndani ya mfuko mkavu wa nailoni na kuwekwa katika chungu cha ndani, kisha hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Chombo hicho hukaa kivulini penye upepo. Hufanya kazi vizuri zaidi kiangazi, hewa ikiwa kavu. Wakati wa masika ubaridi wake hupungua, lakini na joto la nje nalo huwa limepungua.

Baridi iliyozidi ni adui mkubwa kuliko joto la wastani. Insulini iliyoganda imeharibika, hata kama imeyeyuka na kuonekana nzima. Isiwekwe karibu na sehemu ya barafu ya jokofu la duka, wala isisafirishwe ikigusana na barafu. Kadhalika isiachwe juu ya dashibodi ya basi, kwenye boksi la pikipiki linalopigwa jua, au juu ya kichanja cha jikoni.

Kabla ya kila sindano chupa itazamwe. Insulini ya muda mfupi huwa angavu kama maji. Ikiwa na ukungu, itupwe. Insulini ya muda wa kati na ile ya mchanganyiko huwa nyeupe kama maziwa baada ya kuviringishwa taratibu kati ya viganja mara 10. Ikibaki na mabonge au utando kwenye kioo, itupwe. Chupa isitikiswe kwa nguvu.

Bomba sahihi, mahali sahihi

Insulini nyingi ya binadamu huwa na yuniti 100 katika kila mililita, na huhitaji bomba la sindano lenye alama ya U-100. Yapo pia mabomba ya U-40, ambayo katika nchi mbalimbali hutumiwa na madaktari wa mifugo kuwatibu paka na mbwa wenye kisukari. Mtu akivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 hadi alama ya 10, huwa amevuta yuniti 25, yaani mara 2 na nusu ya dozi yake. Kosa hilo laweza kumwua. Mtoa huduma asome maandishi ya bomba na ya chupa kila anapogawa dawa, na amfundishe mgonjwa kuyatambua hata kama hajui kusoma.

Sehemu za kuchoma ni tumbo, mapaja na sehemu ya nyuma ya mikono, katika mafuta yaliyo chini ya ngozi. Mahali pabadilishwe kila siku, kwani panapochomwa mara kwa mara huota vinundu vya mafuta, na insulini inayoingia humo hufyonzwa bila mpangilio. Mgonjwa anayechanganya aina 2 katika bomba moja huvuta kwanza ile angavu, kisha ile nyeupe. Bomba la mtu mmoja kamwe lisitumiwe na mwingine, hata awe ndugu wa damu. Sindano zilizotumika huwekwa katika kopo gumu lenye kifuniko na kurudishwa zahanati. Zikitupwa jalalani huwachoma watoto na mifugo.

Kupima pasipo kupoteza

Vijiti vya kupimia sukari ni ghali, na wengi hawawezi kupima mara 4 kwa siku. Hata hivyo, kijiti kimoja kwa siku kikitumika kwa mpango huzaa picha kamili ya wiki: leo kabla ya kifungua kinywa, kesho kabla ya chakula cha mchana, keshokutwa kabla ya chakula cha jioni, na siku inayofuata wakati wa kulala. Anayepima asubuhi tu kila siku hujua habari za asubuhi peke yake. Matokeo yaandikwe katika daftari pamoja na dozi na kazi iliyofanyika siku hiyo.

Mikono ioshwe kwa maji na kukaushwa kwanza. Kidole chenye mabaki ya asali, muwa au tunda hutoa jibu la juu lisilo la kweli. Mashine nyingine huonesha milimoli kwa lita na nyingine miligramu kwa desilita. 5 katika kipimo cha kwanza ni sawa na 90 katika cha pili, kwa kuwa huzidishwa kwa 18. Kwa wagonjwa wengi, sukari ya asubuhi kabla ya kula hulengwa iwe kati ya milimoli 4 na 8, ingawa daktari huweza kuweka lengo tofauti kwa mtoto mdogo, mzee au mjamzito.

Sukari inaposhuka

Sukari iliyo chini ya milimoli 4 ni hatari. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, husikia njaa, moyo humwenda mbio, huchanganyikiwa au huwa mkali bila sababu. Wapo waliodhaniwa wamelewa au wamepagawa. Hapana haja ya kungoja kipimo. Vijiko 3 vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, au kijiko kimoja kikubwa cha asali, vinywewe mara moja. Baada ya dakika 15, ikiwa hajapata nafuu, arudie. Kisha ale chakula, kama ugali, kiazi au uji pamoja na maziwa.

Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu kinywani, kwani huweza kupaliwa na kufa. Alazwe ubavu, apakwe asali kidogo ndani ya shavu, na akimbizwe kwenye kituo kilicho karibu.

Katika wilaya hizi, kulima kwa jembe, kufuata mifugo malishoni na kutembea kwenda shule ya mbali ni kazi zinazoshusha sukari, wakati mwingine saa nyingi baadaye, usiku mtu akiwa amelala. Siku ya kazi nzito mgonjwa aongeze chakula, au apunguze dozi kama alivyoelekezwa. Pombe, ikiwemo ile ya asali, huzuia ini kutoa sukari ya akiba; anayekunywa bila kula na kulala huweza asiamke.

Siku za ugonjwa, za njaa na za maafa

Mgonjwa anapopata homa, insulini haiachwi. Mara nyingi mahitaji yake huongezeka. Anywe maji mengi, apime mara nyingi zaidi, na akitapika mfululizo, akipumua kwa kasi, au sukari ikibaki juu ya milimoli 15, aende hospitali bila kungoja kesho. Chakula kinapokuwa haba, insulini ya muda mfupi ya mlo haichomwi kama mlo haupo, lakini ile ya muda wa kati hupunguzwa tu, haikatizwi. Dozi ya siku kama hizo, na ile ya mchanganyiko, ikubaliwe kliniki mapema, wakati ghala bado lina mahindi.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishukia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki na wengi walipoteza nyumba pamoja na vyote vilivyokuwemo. Kwa anayeishi kwa insulini, kukimbia mikono mitupu ni kuanza kuhesabu saa. Kila familia ya namna hiyo iwe na mfuko mdogo mlangoni, wenye mabomba ya sindano, sukari na nakala ya kadi ya kliniki iliyofungwa ndani ya nailoni. Chupa ya insulini iwe mahali ambapo hata mtoto aweza kuichukua gizani. Jirani mmoja naye aijue siri hiyo.

Wajibu wa mtoa huduma

Mbulu na Hanang ni mahali pa Wairaqw, Wadatoga, Wahadza na jamii nyingine, na lugha zao hazina undugu wa karibu. Bibi anayemlea mjukuu mwenye kisukari huweza kuitikia "ndiyo" kwa heshima hali hajaelewa Kiswahili cha kliniki. Mtoa huduma asiulize, "Umeelewa, mama?" Amwombe avute dozi mwenyewe, kwa maji, mbele ya macho yake, akisaidiwa na mtu anayejua lugha ya nyumbani. Akivuta sawasawa mara 3, alama ya dozi ichorwe kwenye bomba kwa kalamu isiyofutika, naye apewe miadi ya wiki ijayo badala ya mwezi ujao. Jambo la mwisho la kumwuliza kabla hajaondoka ni mahali atakapoiweka chupa usiku huo.