Jina la Watu wa Madina





Leo tunapenda kueleza maneno mawili ambayo Kurani imewaita kwayo watu wa Madina. Kabla ya Hijra ya mwaka 622 mji huo ukiitwa Yathrib, na Waarabu wake wakijulikana kwa makabila yao mawili, Ausi na Khazraji, yaliyokuwa yamepigana vita virefu. Mtume (S.A.W.) alipohamia kwao, waliotoka Makka wakaitwa Muhajirina, yaani waliohama, na wenyeji wakaitwa Ansari, yaani wenye kunusuru. Sisi wasemaji wa Kiswahili neno hili si geni kwetu, kwani nusura imetoka katika shina hilo hilo.

Zingatieni basi: majina haya hayataji babu wala ukoo. Yote mawili ni majina ya vitendo. Saad bin Rabii, Ansari, alimtaka nduguye Abdurrahman bin Auf, Muhajiri, achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Akaenda kuchuma, akarudi na jibini na samli. Mmoja hakufanya choyo, na mwingine hakufanya tamaa. Hiyo ndiyo sifa ya Ansari katika Suratul Hashri, aya ya 9: huwapenda waliohamia kwao, na huwatanguliza wenzao hali wao wenyewe wana haja.

Lakini katika safari moja ya vita, Muhajiri mmoja alimpiga Ansari, na kila mmoja akawaita watu wake kwa jina lao hilo tukufu. Mtume (S.A.W.) akaukemea mwito huo kuwa ni wa kijahilia, akaamrisha uachwe kwa kuwa unanuka. Jina lilikuwa lile lile. Lilipoitiwa kunusuru lilikuwa sifa; lilipoitiwa kupigana likawa uvundo.

Basi tujiulize majumbani na misikitini mwetu: tunaposema "sisi wenyeji" na "wale watu wa kuja", tunakusudia kunusuru au kubagua? Anayeitamani daraja ya Ansari na aanze kwa jirani yake mgeni: amkaribishe, amwonyeshe njia ya soko, wala asimwonee choyo riziki yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aziepushe nafsi zetu na choyo, na azijaalie nyoyo zetu kupendana. Amin.