Unene Uliokithiri: Nguvu ya Kuanza Hutoka Wapi?



Miaka michache iliyopita, katika sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, kiti cha plastiki kilimvunjikia mama mmoja mwenye mwili mkubwa. Watu walicheka kwanza, ndipo wakamwinua. Nami nilikuwapo. Nikidhani ninamwondolea aibu, nikatamka utani uliozoeleka kwetu, kwamba maisha yamemkubali mama. Kicheko kikazidi. Tangu siku hiyo hakuonekana tena jumuiyani, na baada ya muda akaacha hata Misa ya Dominika.

Nilipomtembelea nyumbani alinieleza bila hasira: “Baba, najua kwamba napaswa kupunguza mwili. Daktari ameniambia, wanangu wameniambia, hata wewe uliniambia kwa utani wako. Ambalo sijaambiwa na mtu ni mahali pa kupata nguvu ya kuanza.” Nilimjibu kwamba asali na apunguze kula, kisha nikaaga. Halikuwa jibu. Makala haya, ninayoyaandika kwa ruhusa yake, ni jaribio la kumpa yeye na wengine walio katika hali yake jibu lililo bora zaidi.

Je, kila mnene ni mlafi?

Wengi wetu tunapomwona mtu mnene sana hutoa hukumu moyoni: huyu ni mlafi. Ni kweli kwamba ulafi umo katika vichwa vya dhambi tulivyofundishwa katika katekisimu. Lakini Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafafanua kuwa ulafi ni tamaa ya chakula isiyoongozwa na akili. Hazungumzii ukubwa wa mwili. Akimfuata Mtakatifu Gregori Mkuu, anaeleza kwamba mtu aweza kukosa katika kula kwa namna tano: kula kabla ya wakati, kutaka vyakula vya gharama, kutaka vilivyoandaliwa kwa anasa, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Kwa kipimo hicho, mtu mwembamba anayewasumbua wa nyumbani mwake kwa sababu kitoweo hakikumpendeza aweza kuwa mlafi, na jirani yake mnene asiwe. Mizani hupima kilo, haipimi dhamiri.

Shirika la Afya Duniani linautambua unene uliokithiri kuwa ugonjwa sugu wenye vyanzo vingi, na linaeleza kwamba mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani aliishi na unene huo. Hupimwa kwa kugawanya uzito wa mtu kwa kilo na kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Jibu la 30 au zaidi huonesha unene uliokithiri, na 40 au zaidi huonesha kiwango chake cha juu kabisa. Mtu mwenye kilo 120 na urefu wa mita 1.60 hupata takribani 47.

Vyanzo vyake ni pamoja na urithi wa kifamilia, homoni, baadhi ya dawa za magonjwa mengine, usingizi haba, kazi za kukaa, vyakula vya mafuta na sukari vilivyo rahisi kupatikana, na majonzi yanayotafuta faraja katika sahani. Tena mwili hujitetea. Mtu anapopungua, homoni za njaa huongezeka, na mwili huanza kutumia nishati kidogo kuliko awali. Ndiyo maana wengi hupungua kilo kadhaa kisha zikarudi. Wanaowaita wavivu hawajui vita wanayopigana.

Kusema hivyo si kumwondolea mtu wajibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2288) inatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara, na fadhila ya kiasi (na. 2290) hutuepusha na kila aina ya kupita kiasi. Lakini mgonjwa hubeba wajibu wake kama mgonjwa, yaani kwa kutibiwa na kusaidiwa.

Mgonjwa wa Bethzatha

Katika Injili ya Yohane, sura ya 5, tunamkuta mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38, amelala kando ya birika la Bethzatha. Yesu anamwuliza kama anataka kupona. Swali hilo laonekana la ajabu: ni mgonjwa gani asiyetaka? Hata hivyo, mtu yule hajibu ndiyo wala hapana. Anaeleza kwamba hana mtu wa kumtia majini. Miaka 38 ilikuwa imeufunika utashi wake, na kilichobaki kinywani mwake kilikuwa upweke.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la mama yule. Tunadhani hamasa ni kitu ambacho mtu anacho au hana ndani yake, na asipokuwa nacho tunajaribu kumwamsha kwa aibu. Aibu haiamshi. Humfanya mtu ajifiche, na aliyejificha hula peke yake, haendi kliniki, wala hatoki kutembea kwa kuogopa macho ya watu. Bwana hakumkaripia mgonjwa kwa kuchelewa kwake. Alimjia, akamwuliza, akamsikiliza, ndipo akamwagiza asimame. Nguvu ya kuanza huja kwa mtu anapoacha kuwa peke yake.

Hatua zinazowezekana

Kwa ndugu mwenye mzigo huu, napenda kukushauri mambo machache.

Kwanza, tafuta sababu iliyo yako. Katekisimu (na. 2289) inakataa pia kuuabudu mwili; basi lengo lisiwe kufanana na picha za kwenye simu. Sababu iwe kupiga magoti tena wakati wa Mageuzo, kumbeba mjukuu, au kupanda ngazi bila kuhema.

Pili, usisubiri hamu ndipo uanze. Mara nyingi hamu hufuata tendo. Chagua tendo dogo kiasi kwamba hata siku mbaya utaliweza: kutembea dakika 5 hadi kwa jirani, au kunyosha mikono na miguu ukiwa umeketi kama magoti yanauma. Ikiwa ulizoea soda mbili kwa siku, anza na maji. Chupa moja ya mililita 350 huweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai 8 au 9.

Tatu, weka lengo la karibu. Wataalamu wanaeleza kwamba kupungua asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito huweza kuboresha shinikizo la damu na sukari mwilini. Kwa mwenye kilo 120, hizo ni kilo 6 hadi 12. Huhitaji kuuona mwisho wa safari ili upige hatua ya leo.

Nne, nenda kwa daktari na mtaalamu wa lishe. Ziogope chai na dawa za kukata tumbo zinazouzwa mitaani. Anayetumia dawa za kisukari asijinyime chakula bila ushauri wa daktari, kwani sukari yaweza kushuka kwa hatari. Hata sheria ya Kanisa ya kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu haimlazimu mgonjwa. Daktari akishauri dawa au upasuaji, kukubali si kukosa imani.

Tano, ukianguka, usiivunje safari nzima. Mkristo anayejua njia ya Kitubio anajua pia kuanza upya bila kukata tamaa.

Wajibu wa jumuiya

Sisi wengine nasi tuna la kutubu. Tumezoea kusalimiana kwa miili: fulani kanenepa, fulani kakonda. Kitambi tunakisifu kama dalili ya mafanikio, kisha tunamcheka mwenye nacho kinapomwelemea. Sherehe zetu za Ubatizo na Kipaimara humlaumu asiyejaza sahani. Tuyaache hayo. Tuandae viti imara jumuiyani, tuweke maji na matunda mezani pamoja na soda, wala tusimshurutishe mtu kula. Zaidi ya yote, awepo mmoja atakayebisha hodi na kusema: twende pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yule. Nilirudi kumwomba msamaha, naye alinisamehe. Jirani yake wa jumuiya akaanza kumpitia kila jioni. Mwanzoni walifika kwenye mwembe ulio karibu na nyumba yake, wakapumzika, wakarudi. Bado ana mwili mkubwa, na miezi mingine mizani haisogei. Lakini anakwenda kliniki, na Dominika hukaa katika benchi la tatu.

Ndugu msomaji, kama ni wewe uliyelala kando ya birika, Bwana anakuuliza leo, wala hakuulizi kwa kukudharau. Na kama una jirani aliye hapo, huenda wewe ndiwe mtu aliyekuwa akimkosa. Mungu awabariki.