Kukataliwa Hifadhi, na Kupelekwa Wapi

Wasomali, Waethiopia na Wabangladeshi wengi wanaouza simu na vitambaa Fordsburg na Mayfair, magharibi mwa katikati ya Johannesburg, wanaishi kwa karatasi ya A4 yenye picha na tarehe ya mwisho: kibali cha muda cha mwomba hifadhi, chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Ofisi ya wakimbizi ya Crown Mines, iliyokuwa jirani, ilifungwa 2011. Baada ya hapo watu walilazimika kwenda Pretoria kuongezewa muda. Ombi likikataliwa, na rufaa nayo, kinachomngoja mtu ni Lindela, kituo cha Krugersdorp wanakozuiliwa wanaongoja kufukuzwa nchini. Wanasiasa hubishania nani aondoke. Aende wapi huachiwa makarani, ilhali hapo ndipo penye hatari.

Mfano ni Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari: aliomba hifadhi Cape Town kwa jina la bandia baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, Agosti 1998, shambulio alilotuhumiwa kushiriki. Oktoba 1999 alikamatwa, na ndani ya siku mbili alikuwa ndegeni na maofisa wa FBI kuelekea New York. Serikali iliita hatua hiyo kumfukuza nchini. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ilikataa: kanuni za uhamiaji hazikuruhusu Mtanzania huyu apelekwe Marekani, na hakuna aliyedai kwanza ahadi kwamba hatapewa adhabu ya kifo. Utasema gaidi hastahili huruma hiyo. Lakini mahakama haikuinyima serikali uwezo wa kumwondoa, iligomea alikopelekwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba aliyekataliwa si mkimbizi, basi arudi kwao, yamekwisha. Kwao wapi? Msomali aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, hana uraia wa nchi hiyo, na Mogadishu huenda hajawahi kuiona. Tena karani hukosea. Ndiyo maana kesi ya Saidi ya 2018 ina uzito: mahakama hiyo hiyo iliamua kibali kiongezwe hadi kesi ya kupinga uamuzi iishe. Bila hivyo mtu angeweza kushinda kesi Pretoria akiwa ameshashushwa Mogadishu, na hakuna jaji wa Afrika Kusini mwenye amri ya kumtoa huko.