Mbuzi aliyenyamaza hajatulia: hasara isiyoonekana kati ya Muyinga na Gitega

MUYINGA/GITEGA — Mbuzi anayefungwa miguu yote minne na kulazwa nyuma ya baiskeli hapigi teke wala hakurupuki. Mnunuzi akimtazama humwona mpole. Kumbe ndani ya mwili wake moyo unakwenda mbio, na damu imejaa homoni za hofu. Anayeisafirisha mifugo kutoka Muyinga kwenda Gitega kupitia Karusi, au anayevuka mpaka wa Kobero na Kabanga, huilipia hofu hiyo bila kujua, kwa sababu haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Madaktari wa mifugo wanalifahamu jambo hili kutokana na chumba cha upasuaji. Mnyama anayepasuliwa huhitaji mambo matatu: ubongo ulale, maumivu yaondoke na misuli ilegee. Dawa ya kulegeza misuli hutimiza hilo la tatu peke yake. Huzuia ujumbe wa neva usiufikie msuli, lakini hailazi ubongo wala haiondoi maumivu. Mnyama akipewa dawa hiyo bila usingizi wa kutosha hulala kama gogo, huku akisikia kila kitu. Kwa hiyo daktari hamwamini mnyama kwa sababu tu hatikisiki. Hupima mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na watafiti huongeza vipimo vya adrenalini na kortisoli katika damu. Homoni hizo zikipanda ghafla, ni dalili kwamba mwili uliolala kimya bado unapambana.

Afrika Mashariki ilijifunza hayo mapema. Kufikia mwaka 1960, watafiti nchini Uganda, akiwemo daktari wa mifugo Toni Harthoorn, walikuwa wakiwakamata swala aina ya kob kwa suksinilikolini, dawa ya kulegeza misuli. Swala walianguka, ila dawa hiyo haileti usingizi. Miaka michache baadaye ilikuja M99, inayofanya kazi kwenye ubongo wenyewe, na ukamataji wa wanyamapori ukabadilika. Ilidhihirika pia kwamba mnyama aliyekimbizwa na kuhangaishwa sana anaweza kuinuka salama, kisha akafa siku kadhaa baadaye kwa sababu misuli yake imeharibika.

Somo la pili linahusu mabaki ya dawa. Dawa ikiisha kufanya kazi haitoweki. Mwili huivunja vipandevipande, na baadhi ya vipande hivyo vina nguvu zake. Suksinilikolini huvunjwa na kimeng'enya cha damu ambacho ng'ombe na kondoo wanacho kidogo, ndiyo maana dozi ndogo huwalaza muda mrefu. Atrakuriamu, dawa iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskoti, huacha kipande kiitwacho laudanosini. Kipande hicho hakilegezi misuli, bali huingia kwenye ubongo na kuuchochea. Kikiwa kingi kimeleta degedege kwa wanyama wa majaribio, na vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba kinaweza kuzidisha noradrenalini inayotolewa na neva. Yaani dawa iliyokuja kutuliza mwili huacha nyuma kitu cha kuuamsha.

Safari nayo ina mabaki yake. Adrenalini hupanda mara tu mnyama anaposhtuka, na kortisoli hufuata dakika chache baadaye. Homoni hizi huuambia mwili utumie akiba ya sukari iliyo kwenye misuli, iitwayo glaikojeni. Gari likifika Gitega injini huzimwa, lakini akiba iliyokwisha hairudi jioni ileile. Kwa ng'ombe inaweza kuchukua siku kadhaa.

Hapo ndipo pesa inapopotea. Baada ya kuchinja, glaikojeni hugeuka kuwa asidi ya laktiki. Kipimo cha asidi cha nyama, yaani pH, hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5 katika muda wa saa 24. Asidi hiyo huipa nyama rangi nzuri na kuchelewesha bakteria. Mnyama aliyechinjwa akiba yake ikiwa imekwisha hutoa nyama inayobaki juu ya 6: nyeusi, kavu, yenye kunata, na inayoharibika upesi. Mwenye bucha huipunguzia bei au huikataa. Ongeza hapo kilo zilizopotea njiani kwa kukosa maji na malisho.

Kwa Burundi kuna jambo jingine la kuzingatia. Sheria ya Oktoba 2018, iliyoanza kutekelezwa Oktoba 2021, inataka mifugo ilishwe bandani na isizurure. Ng'ombe aliyezoea banda moja na sauti ya mtu mmoja hukutana kwa siku moja na soko, fimbo, gari na ng'ombe asiowajua. Kila kimoja kinatosha kumshtua.

Mfanyabiashara anayeshawishiwa kununua sindano ya kutuliza ili safari iwe rahisi aikatae. Zailazini, kwa mfano, huwaathiri ng'ombe na mbuzi kwa dozi ndogo sana kuliko farasi. Mnyama anaweza kulala garini, akavimba tumbo kwa gesi au akakanyagwa na wenzake. Tena mabaki ya dawa hubaki kwenye nyama, na kuna siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Uamuzi huo ni wa daktari wa mifugo, wala si wa dereva.

Dawa ya bei nafuu ni utaratibu. Mpe mnyama maji kabla ya kumpakia, na umsafirishe alfajiri kabla ya jua kali. Asimame mwenyewe juu ya majani makavu, asifungwe miguu. Usichanganye makundi yasiyojuana, wala wenye pembe na wasio na pembe. Weka kibali cha daktari wa mifugo tayari, ili gari lisikae juani kizuizini. Akifika, mpe kivuli, maji na malisho, na usimchinje akiwa bado anahema. Anayenunua naye atazame pumzi, macho na masikio ya mnyama kabla ya kuhesabu noti, maana ukimya peke yake haumwambii kitu.